Vipando Vilivyomsubiri Mama Mkubwa

Miaka michache baada ya Uhuru, shamba la miwa la baba, karibu na Rangwe, lilikuwa linakufa. Kila muwa ulitoa kileleni kitu kirefu cheusi kama mjeledi, na upepo ulipovuma, masizi yake yaliruka hadi kwenye miwa mingine. Tuliishi kwa sukari guru ya shamba hilo.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nikafanya kazi ya kuzalisha miwa mipya katika kituo cha utafiti. Tulichavusha maua, tukaotesha mbegu, kisha tukaitia miche ugonjwa uleule makusudi, tuone ipi itastahimili. Karibu yote ilikufa. Mche mmoja uliokataa kufa tuliukatakata na kuukuza upya, mwaka baada ya mwaka, mpaka nikaruhusiwa kupeleka nyumbani mzigo mmoja wa vipando, vipande vya muwa vya kupandia. Mwingine sikuahidiwa.

Miwa ya zamani tulikuwa tumeshaing'oa na kuichoma. Mvua ilikuwa imenyesha. Baba akautazama mzigo, akasema, "Uweke kivulini."

"Baba, vikikaa wiki nzima macho yake ya kuchipulia yataoza, havitaota."

"Mama yako mkubwa hajapanda."

Mke wa kwanza wa baba ndiye aliyetangulia kupanda kila msimu, wengine wakafuata; kumtangulia ilikuwa sawa na kumhesabu amekufa. Naye alikuwa amelazwa Homa Bay, tumbo limemvimba.

"Nani alisema lazima aanze yeye? Tusipomngoja, nini kitatokea?"

"Huko chuoni walikufundisha kumzika mtu angali anapumua?"

Nilimgeukia mama mzazi, mke wa pili. Akacheka bila furaha. "Panda basi, msomi. Halafu uende ukamtazame usoni."

Nilivifunika vipando kwa magunia yenye maji. Nilibishana na baba, nikabishana na baba mdogo, nikabishana hata na katekista aliyekuja kutuombea. Siku ya nne macho yalianza kuwa meusi, na magunia yakanuka kama pombe iliyochacha.

Siku ya saba nilichukua kipando kimoja na baiskeli, nikaenda hospitalini. Mama mkubwa alinisikiliza hadi mwisho.

"Vimekaa siku ngapi?"

"Saba."

"Na baiskeli unayo?"

Nilimwonyesha dirishani ilipoegemea.

"Kila mtu umemuuliza, ila mimi."

Akaagiza kopo la udongo, akakichomeka kipando kwa mkono wake. "Haya, nimepanda. Kimbia."

Jioni hiyo tulipanda, baba akitangulia. Wiki tatu baadaye nilifukua mitaro kwa vidole, hatua kwa hatua. Kila kipando kilikuwa kimeoza.

Nilirudi Homa Bay. Kopo lilikuwa dirishani, na ndani yake chipukizi moja, urefu wa kidole. Sauti ya mama mkubwa ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Shamba limeota?"

Mimi, niliyedai ushahidi wa kila jambo, nilimwambia limeota.

"Basi chukua na hiki. Kitaziba pengo."

Nilikibeba hadi nyumbani, nikiendesha baiskeli kwa mkono mmoja, nikasimama na kopo langu mbele ya shamba tupu, nisijue nianzie wapi.