Waridi Lisilo na Miiba

Leo nilikuwa kwenye kitalu cha miche hapa Kinoru nikichagua waridi la kupanda nyumbani, harufu ikanirudisha utotoni.

Akina mama wa kanisa walikuwa wamepanga kuja kwetu kwa maombi, mara ya kwanza kabisa, na mama alitaka wakute waridi mlangoni. Jirani alikubali kumpa kijiti kimoja tu cha kupanda, nikatumwa nikachague. Mimi, ambaye hata leo huogopa sindano, nikachagua aina isiyo na miiba.

Mche ukachanua wiki ileile ya wageni. Siku yenyewe mama akaingia jikoni kuchemsha chai. Mbuzi wetu naye akagundua mche hauna miiba. Wageni walipobisha hodi, hakukuwa na jani wala ua.

Mama akanitazama, akamtazama mbuzi.

"Nyinyi wawili mna akili moja," akasema. "Ila huyu angalau anatoa maziwa."