Bendera iliyogoma kushuka Mbuchi: jinsi posa yangu ilivyorudi nyumbani na halwa yake

Wakuu, amani iwe kwenu nyote.

Haya yalinikuta mwenyewe na sitayatia chumvi. Yanayo yake ya kutosha. Vyama sitavitaja. Atakayeuliza ni chama gani kilikosea, nitajua hakuusoma uzi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa Mbwera, huku kwenye visiwa vya delta ya Rufiji. Zuhura ni muuguzi, kwao Mbuchi. Tulifahamiana Kibiti, yeye akiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, mimi nikisubiri ajira.

Waliotujua walitushangaa. Yeye alikuwa chama kimoja, mimi kingine, na wala hatukuwa wafuasi wa kofia na fulana. Tulikuwa watu wa kusoma ilani. Tulibishana juu ya bei ya mpunga, juu ya mikoko na nani mwenye haki ya kuikata.

Nilimpenda kwa sababu hakuwahi kuikubali hoja yangu kwa kunihurumia.

Jumapili moja mchana tuliingia kwenye banda la video pale Kibiti. DJ anayetafsiri akatangaza, "Leo ngumi hakuna, leo mtakula mapenzi!" Vijana wakaguna.

Ilikuwa filamu ya zamani ya Kizungu, haina hata rangi. Binti wa nyumba ya watawala anapendana na kijana wa upande wa waandamanaji. Mwishoni maandamano yanapita chini ya dirisha la binti. Binti anapunga mkono. Kijana anamwona, lakini ameshika bango kwa mikono yote miwili.

Anapita.

DJ akapiga kelele: "Bwege huyu! Kang'ang'ania bango kama kabeba mtoto! Kaka, achia mkono mmoja basi, shemeji anakuaga!"

Banda zima likacheka. Zuhura hakucheka.

Tulipotoka akaniambia, "Mwalimu, sisi tusifike kule. Siasa tutaivua mlangoni pamoja na viatu."

"Na nikisahau?"

"Nitakukumbusha kwa mwiko."

Wakuu, siku hiyo ndipo nilipoamua kuposa.

Kwetu mwoaji haendi kwenye posa yake, hutangulia wazee. Baba yangu alikwishafariki, kwa hiyo posa ilikuwa ya baba mdogo, aliyenilea. Naye alikuwa kiongozi wa tawi la chama chetu. Baba yake Zuhura alikuwa kiongozi wa tawi la chama chao.

Na kampeni zilikuwa zimepamba moto.

Asubuhi ya posa, boti tuliyoiazima ikagoma kuwaka. Wanaoijua delta wanaelewa: mkondo wa kuingilia Mbuchi unapitika maji yakiwa yamejaa tu. Ukichelewa, utalala kwenye tope. Baba mdogo akachukua boti iliyokuwa karibu, ile ya kampeni ya chama chetu, yenye bendera juu ya mlingoti mrefu.

Yaliyotokea huko alinisimulia shangazi yangu, aliyekuwemo botini.

Baba yake Zuhura alikuwa amesimama bandarini na kanzu yake nyeupe, wazee wenzake nyuma yake.

"Karibuni, wakwe," akasema. "Ila hiyo bendera ishusheni kwanza. Hapa pana posa, hapana mkutano wa hadhara."

Baba mdogo akajibu, "Bendera hii haikushuka kwa mvua, mzee mwenzangu. Itashuka kwa pilau?"

Kijana mmoja wa pale akadakia: "Mmefuata mke au kura?"

Watu wakacheka. Shangazi anasema kicheko kile ndicho kilichoharibu. Kabla yake baba mdogo angeweza kushusha kwa mzaha. Baada yake hakuweza tena.

"Mdogo wangu," shangazi akamsihi, "huyu ni mtoto wa marehemu kaka yetu!" Akainuka aishike kamba mwenyewe. Wenzake wa botini wakamzuia mkono.

Maji yakaanza kupwa. Boti ikageuzwa. Sinia la halwa likarudi Mbwera na kawa lake juu, halijafunuliwa.

Zuhura alinipigia alasiri.

"Pilau imepoa," akasema. "Baba anasema mlango haujafungwa. Waje tena, kitambaa kile wakiache kwenu."

Nilimpigia baba mdogo magoti. Akaniinua, machozi yakimlengalenga. "Mwanangu, nikiishusha mbele yao, kesho nani atanifuata?" Si mtu mbaya. Na kumtuma mzee mwingine ilikuwa sawa na kuvitangazia visiwa vyote kwamba nimemzika angali hai.

Tukakubaliana, mimi na Zuhura, kuusubiri uchaguzi upite.

Ulipita. Ikawa vibaya zaidi. Watu wakasusiana hata misiba. Maiti ikazikwa na nusu ya kijiji. Baba mdogo sasa akasema akienda bila bendera wataona amesalimu amri.

Kisha kwa kina Zuhura ikaja posa nyingine, kutoka Mkongo, huko bara.

"Nimeisubiri bendera kuliko nilivyomsubiri mwanamume," Zuhura aliniambia kwenye simu. "Nimechoka, Mwalimu."

Nikamkubalia hoja yake. Mara ya kwanza tangu tufahamiane.

Siku aliyosafirishwa kwenda kwa mumewe nilikuwa bandarini upande wa bara, nasubiri vitabu vya shule. Sikujua. Nilisikia vigelegele, nikaona boti inapita, na juu ya mlingoti wamefunga khanga.

Alikuwa katikati ya wanawake, amefunikwa, mikono yenye hina imetulia mapajani. Bibi harusi wa kwetu hapungi mkono.

Mimi sikuwa nimeshika kitu. Niliuinua mkono wangu, na boti ikapita.

Wakuu, bado ni mwanachama, na bado naamini nchi hujengwa na watu wenye msimamo. Nililojifunza ni kwamba kitambaa kikikataa kushuka hata kwa ajili ya mtoto wa nyumba, kimeacha kuwa msimamo. Kimekuwa mwenye nyumba.

Karibuni kwenye komenti, bila matusi. Na ninyi mnaoishi ndoa ya vyama viwili, nawauliza kwa dhati: mkifika mlangoni, nani huanza kuvua?