Kithima cha Mama Kwenye Kona ya Mto

Jirani yangu hapa Syokimau anajenga. Juzi fundi wake alimwagia maji rundo la mchanga, harufu ikanifuata mpaka jikoni, nikaacha kukata sukuma wiki nikaketi. Nitawaambia kwa nini, ila msiwe wepesi wa kunihukumu. Nilikuwa na miaka tisa na akili za miaka tisa.

Mto wetu kule Machakos ulikuwa na maji ya kuonekana wiki chache tu kwa mwaka. Siku nyingine zote ulikuwa mchanga mtupu, mpana, na sisi watoto tuliupenda hivyo hivyo. Tulibingirika kutoka ukingoni, tukafukiana hadi shingoni, tukalala kifudifudi ubaridi wa chini ukitupanda tumboni. Maji yalikuwepo, yamejificha. Kila boma lilikuwa na kithima chake, yaani shimo lililochimbwa mchangani na kufunikwa kwa matawi ya miiba ili mbuzi wasichafue. Ulipiga magoti, ukateka kwa kata, ukasubiri yajae tena. Kithima cha mama kilikuwa kwenye kona, na hakikukauka hata majirani walipokuwa wakikwangua matope. Wakati huo walikuja kuteka kwetu.

Baba alikuwa akifanya kazi kiwandani Athi River. Wiki lori la kubeba mchanga lilipokuja, mama naye alikuwa amekwenda kwa dada yake aliyejifungua, tukabaki na nyanya asiyeona vizuri. Dereva, mtu mcheshi mwenye kofia ya sufu, alinikuta nikichunga mbuzi.

"Sasa, msichana. Mchanga msafi, ile haina udongo, iko wapi hapa?"

Watu wazima wengine walikuwa wakiniuliza mbuzi wako wapi, basi. Huyu aliniuliza jambo la maana, kichwa kikanivimba. Nikamwonyesha kona yetu. Akanipandisha mbele, akanipeleka hadi dukani na kunirudisha, nami nikawapungia wenzangu mkono kama mke wa chifu.

Vijana wenye makoleo walipakia siku nne. Walipomaliza, kona ilikuwa mwamba mtupu.

Mama aliporudi alikwenda kuteka, akakuta wanawake wa jirani wamesimama pale na mitungi yao mitupu. Walikuwa na hasira. Waliulizana ni mtoto wa nani aliyewaonyesha watu wa lori mahali hapo, maana wageni wasingepajua. Mimi nilijifanya natoa mwiba mguuni. Niliogopa kiboko, hilo tu. Nilijipa moyo kwamba mvua ikinyesha kithima kitarudi.

Mvua ilinyesha. Mto ulinguruma siku mbili, ukapita wote, kwa sababu hapakuwa na mchanga wa kuyashika yale maji. Tangu hapo mama alikwenda kuteka ng'ambo ya kilima. Alitoka baada ya chai na kurudi saa saba jua likiwaka, mtungi mgongoni, ukanda wake ukimkata paji la uso. Ukanda ule ulimwachia bonde kichwani ambalo linaonekana hadi leo akivua kitambaa. Nilitaka kumwambia kila siku, na kila siku nilishindwa. Iliniuma sana.

Nilimwambia mwaka jana, mimi mwenyewe nikiwa na watoto watatu, tukichambua ndengu barazani kwake.

"Mwaitu, mama yangu, ni mimi nilionyesha watu wa lori ile kona."

Hakuinua macho kwenye ungo. "Nilijua wiki ile ile," alisema. "Uliacha kunywa maji. Unatoka shule midomo imekauka, nikikupa kikombe unasema umeshiba."

Nikamuuliza mbona basi hakunichapa, yeye ambaye alinichapa kwa kuvunja sahani.

"Wale wanawake walikuwa wanatafuta ni mtoto wa nani," alisema. "Ningekuchapa, wangesikia ukilia."

Akaendelea kuchambua. Miaka yote ile nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nikimficha mama. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akinificha mimi, akikipanda kile kilima kila siku na mtungi mgongoni.