Upepo Kwenye Breki ya Baba

Mpaka leo nikisikia harufu ya oili ya breki, ile tamutamu kama dawa ya kikohozi, hasira zanipanda upya. Niacheni niwaeleze.

Nilikuwa darasa la sita, kwetu Mwabungo. Baba alikuwa mwendesha bodaboda, na kila asubuhi alitupeleka shule, mdogo wangu Rama katikati, mimi nyuma. Breki ya mbele ilikuwa laini kama andazi. Ukiibana, mkono wa breki ulizama mpaka ukagusa mpini; ilitaka ibanwe mara tatu ndipo ishike. Nilijua kwa sababu nilizoea kuchungulia chini ya kwapa la Baba. Kila tukikaribia lami, vidole vyake vilibana, vikabana, vikabana tena.

Fundi wetu alikuwa Mjomba Salimu, kaka yake Mama. Alianzia kwenye baiskeli, na pikipiki kwake ilikuwa baiskeli yenye haraka tu. Baba akimpelekea, Mjomba aliongeza oili kwenye kikopo cha juu, pale mpinini, akafunga kifuniko, akasema imepona. Kisha kahawa na kashata. Na Baba akashukuru! Alishukuru nini?

Siku moja mbuzi alikatiza mbele yetu. Baba akabana: hamna. Akabana tena: hamna. Akakanyaga ya nyuma, gurudumu likateleza kwenye mchanga, tukaingia kwenye ua wa makuti wa watu, na Rama akapasuka kidevu. Watu walikuja mbio, wote wakamlaani mbuzi. Mbuzi wa watu, maskini.

Wiki ile ile, Baba akiwa kwa Mjomba na pikipiki, akinywa kahawa, niliwafuata na bomba la sindano, lile la plastiki, nimwonyeshe Mjomba kama mwalimu wa sayansi alivyotuonyesha. Nilimwamkia kwanza, akaitikia marahaba. Nikajaza maji, nikaziba tundu kwa kidole, nikamwomba asukume. Halikusukumika. Nikajaza upepo, kisukumio kikazama kama mkono wa ile breki.

"Mjomba, breki ya Baba ina upepo."

"Upepo uko kwenye matairi, mwanangu." Akamgeukia Baba. "Shemeji, huyu muoze mapema, ashanipokonya kazi."

Baba naye akacheka. Hicho ndicho kilichoniuma.

Niliporudi nyumbani nikilia, Mama alijifunga leso akaenda mwenyewe. Hakuketi, kahawa hakuigusa. "Salimu, fanya anavyosema mtoto. Au nikuletee kidevu cha Rama ukitazame tena?"

Mjomba akachomeka mpira mwembamba kwenye nati ya chini, karibu na gurudumu, ncha akaitia chupani. Mama akibana breki, yeye akifungua na kufunga. Mapovu yakatoka kama ya wali unaochemka. Hakuna aliyecheka. Kisha akaona mpira wa breki wenyewe, ule unaopitisha oili, umevimba kwa uzee; akaubadilisha, akatoa upepo tena. Breki ikawa ngumu kama kifuu.

Mwaka jana, nilipomaliza sekondari, nilimuuliza Baba kwa nini alinicheka. Akasema:

"Nilijua ina upepo. Lakini utamkosoaje shemeji yako, na kahawa yake uko nayo mkononi?"

Ndipo nikavielewa vile vidole. Alikuwa akituombea njia nzima, kwa kubana, kwa sababu mdomo ulifungwa na heshima. Nimemsamehe, lakini hasira haijaisha. Kovu la Rama liko pale pale, na ndevu hazioti juu yake.

Mimi nimelelewa kwamba salamu hutangulia kila jambo. Lakini nikiita bodaboda, nanyoosha mkono, nabana breki ya mbele. Ikiwa ngumu, ndipo nasema shikamoo.