Maganda ya Vitunguu na Goti la Mamamkwe

Tarehe 3 Machi 2014 aliajiriwa kuwa fundi wa maabara ya chuo, na tangu siku hiyo kazi yake kubwa imekuwa kupima nyayo za panya zilizovimba. Mtaani wanamwita Mama Panya. Naye huitika.

Kundi moja la panya hunyweshwa maji mazito ya maganda ya vitunguu, kundi jingine maji yaliyotiwa rangi tu. Maganda yana flavonoidi, kemikali za mimea ambazo, kwa panya angalau, huituliza kinga ya mwili inapopandwa na hasira bila sababu. Uvimbe hupungua. Katika ripoti, mkuu wa maabara aliandika "huenda". Habari ilipofika gazetini, "huenda" ilikuwa imeanguka njiani, na pembeni palikuwa na picha ya Mama Panya, kashika panya, anatabasamu.

Mamamkwe wake, ambaye baridi yabisi inamtafuna magoti, aliikata picha akaibandika kwenye mlango wa friji. Kisha akaacha vidonge vya kliniki.

"Mama, vidonge usiache. Wale walikuwa panya."

"Kwani panya hana magoti?"

"Anayo."

"Basi."

Ikawa maganda asubuhi, maganda jioni. Majirani walioneshwa picha, wakanyweshwa, wakasifu. Goti la kushoto nalo likazidi kuumuka kama unga wenye hamira. Mama Panya alijua kinachofuata: kiungo kikishaliwa na ugonjwa ule, hakirudi.

Alikwisha kuchoka kubishana. Akafanya alichofundishwa kazini: akaandaa chupa mbili za chai, moja ya kijani na moja nyekundu.

"Moja ina maganda, moja haina. Wiki hii kijani, wiki ijayo nyekundu. Utaniambia mwenyewe ipi ni ipi."

Mamamkwe, ambaye hajawahi kukataa shindano, alikubali. Kila Jumamosi alikaa kwenye kochi, gauni kapandisha, mkwewe akizungusha futi ya fundi cherehani kwenye goti.

"Taratibu, mimi si panya wako."

Wiki ya pili ilipoisha alitoa hukumu kabla hajaulizwa. "Dawa ni nyekundu. Ile ya kijani maji matupu, niliijua siku ya kwanza. Nyekundu nikiinywa naisikia inashuka mpaka mfupani."

"Nyekundu ni maji na sukari iliyounguzwa, mama."

Mama Panya akamwonesha kwenye futi mahali goti lilipokuwa na mahali lilipofika. Lilikuwa limepanda wiki zote mbili, kijani na nyekundu bila upendeleo. Mamamkwe aliitazama futi, akaigeukia picha ya kwenye friji, akairudia futi.

"Kwa hiyo umenifanya panya."

"Ndiyo, mama."

"Na mwanangu anajua?"

"Yeye ndiye aliyeunguza sukari."

Mamamkwe alishusha gauni, akalisawazisha juu ya goti kama anayefunika chakula.

"Vile vidonge vichungu," alisema mwishowe. "Na maji matupu havipiti."

"Meza na nyekundu."

"Niwekee na sukari zaidi. Safari hii ilikuwa hafifu."

Jumatatu anarudi kliniki. Chupa nyekundu anakwenda nayo, na picha itabaki kwenye friji.