Kazi Imekufa

Binti yangu anasoma chuo kikuu, anachunguza dawa kwa hesabu za kompyuta. Siku moja alinipigia simu akilia: "Mama, kazi yangu imekufa." Nikajua amefukuzwa kazi ya utafiti pale chuoni. Jumapili nikawaomba akina mama wa kanisani tufunge.

Nilipomwambia, akacheka kidogo. "Jamani mama! Kazi ni hesabu tunayoipa mashine. Kompyuta nyingi zinagawana hesabu moja, kama nyie mnavyogawana mistari ya kuchuma chai shambani. Moja ikikwama, zote zinasimama."

"Si uanze upya?"

"Muda niliopewa kwenye mashine umeisha. Bila lile jibu sihitimu."

Akina mama wakauliza kama tufungue, maana hajafukuzwa. Nikasema tuendelee. Sasa naombea mashine ambayo sijawahi hata kuiona.