Klepon Apandishwa Mlingotini

Mtu akikuambia kwamba Karsono wa Kotagede hajui vizimba, mshike paji la uso, huenda ana homa. Tangu ujana wake Karsono alifuga tetere, njiwa wadogo wa kuimba, na kila alfajiri aliwapandisha ndani ya vizimba kwa kamba na kapi hadi kileleni mwa milingoti uani kwake wapate umande. Tetere asiyepata umande, waliamini wafugaji wote wa mtaa ule, sauti yake hukauka. Mambo mengine ya dunia Karsono aliyajua nusunusu, na hilo halikumzuia kuyatolea amri.

Mkewe Tumini alikuwa na Klepon. Klepon alikuwa hamsta, kipanya cha mviringo chenye mkia wa kubahatisha, aliyepewa jina la kitamutamu cha unga wa mchele chenye sukari ndani. Mjukuu wao aliyemleta alikwenda zake Surabaya kusoma, akamwachia bibi, na bibi akawa anamsimulia habari za mtaa mzima huku akikata mboga. Alikuwa na miaka miwili na ushei, na kwa hamsta huo ni uzee wa kutembelea mkongojo. Macho yake yaliingia ukungu, miguu ya nyuma ilikuwa ya kuburuta. Ila kizimba chake cha waya kilikuwa na ghorofa, na Klepon, mbishi kama baba mwenye nyumba, hakukubali kuishi chini. Alipanda kwa mazoea, akafika juu, akasahau ukingo uko wapi. Pu!

Baada ya kuanguka mara ya mwisho alikataa kula. Hata boga laini la kuchemsha hakuligusa. Tumini naye akaishiwa maneno, na nyumba ikapoa hadi Karsono akatamani agombezwe.

"Baba Lastri, huyu atatufia," Tumini alisema. "Mtengenezee mahali pa usalama."

"Mambo ya vizimba niachie mimi."

"Ndiyo maana naogopa."

Karsono akateremsha kizimba cha mbao ya msaji chenye nakshi, alichorithi kwa baba yake. Tetere wake bora alifia humo, na tangu siku hiyo hakuona ndege mwingine aliyekistahili. Akamtia Klepon. Akamwekea mayai ya sisimizi, chakula cha kuamsha sauti. Akamwongezea kijiti cha kutulia, kwa sababu kizimba bila kijiti ni sanduku. Kisha, Mungu amsamehe, akavuta kamba.

Klepon akapaa. Paka hawamfikii, upepo mwanana, umande wa kumwaga! Karsono akajipongeza, akaenda kunywa chai. Aliporudi, kichwa cha Klepon kilikuwa nje ya fito, mabega yamekwama ndani, na kizimba kizima kinayumba. Akavuta kamba kumshusha. Kapi likagoma.

Jumadi na Wiryo, wafugaji wenzake wa tetere, wakaja na ngazi na ushauri, zaidi ushauri.

"Mpigie mluzi, huenda akashuka mwenyewe," alisema Wiryo.

"Tetere wa wapi huyu, mzee?" Jumadi alidakia. "Mbona ana masharubu?"

"Shika ngazi, funga mdomo!" Karsono alifoka.

Tumini akatoka jikoni na mwiko. "Mnyama anaanguka, dawa yako ni kumpandisha mlingotini? Siku ukiteleza bafuni nikuweke juu ya paa?"

Jumadi alicheka hadi ngazi ikatikisika. Karsono alipanda mwenyewe, magoti yakilalamika, akamchomoa Klepon polepole. Kumbe alikuwa mwepesi kupita kiasi, unene wote ule ulikuwa manyoya matupu. Hapo aibu ikamshika kwelikweli. Alifanya kila alichokijua, na kila alichokijua kilikuwa cha mwenye mabawa.

Akamkabidhi mkewe mnyama wake, akapanda tena kukifungua kizimba kwenye kamba, akaleta msumeno.

"Usikate, mzee!" Jumadi alipiga yowe. "Msaji ule! Kama hukitaki si unipe mimi?"

Karsono akakata. Ikaondoka miguu ya nakshi, kizimba kikakaa chini kabisa. Akang'oa kijiti, akazungushia fito wavu wenye matundu madogo. Maji akayaweka kwenye kifuniko cha chupa ya achari, ambamo hata kipofu hawezi kuzama, na boga pamoja na mbegu za alizeti kwenye kingine. Tumini akajaza karatasi laini zilizochanwa, hadi kuanguka humo kukawa sawa na kujilaza.

Klepon akanusa kona zote, akapotelea kwenye karatasi.

Wazee watatu wakakaa chini kumsubiri, na huko kukaa kwenyewe kulikuwa kazi. Jumadi alikuwa anaanza kuombolezea msaji upya, Karsono akainua mkono. Akalaza sikio kwenye kizimba.

"Anatafuna," akanong'ona.

"Hilo ni goti langu," alisema Wiryo.

"Nyamazeni!"

Kr, kr, kr. Hata Jumadi aliisikia. Tumini akapiga magoti, mwiko ungali mkononi.

"Boga?" akauliza, akiliogopa jibu.

"Mbegu," alisema Karsono. "Mbegu ngumu, Mama Lastri, na ganda lake." Machozi yakamtoka mbele ya wanaume wenzake, wala hakuyafuta.